Usonji Hupimwaje? Somo kwa Mzazi wa Ubundu

Mtoto akishikwa na homa, mama wa Ubundu anajua la kutarajia kituoni. Muuguzi atamchoma mtoto kidole, atadondosha tone la damu kwenye kipimo cha malaria, na baada ya robo saa hivi mstari utaonekana au hautaonekana. Ndiyo maana mzazi anayeambiwa ampeleke mwanawe wa miaka mitatu Kisangani akapimwe usonji huuliza swali la haki kabisa: watampima nini? Damu? Kichwa? Na wakishampima, maisha yake yatakuwaje?

Swali la kwanza lina jibu linaloshangaza wengi. Hakuna kipimo cha damu kinachotambua usonji, wala picha ya ubongo inayouonyesha, iwe Kisangani, Kinshasa au Paris. Usonji, ambao kwenye karatasi za hospitali za Kongo utaukuta umeandikwa kwa Kifaransa autisme, hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaoishi naye. Usidhani kwamba huko ni kubahatisha. Kuna jambo mahususi linalotafutwa, na mzazi akilielewa ataona kwamba sehemu kubwa ya kipimo anayo yeye mwenyewe, nyumbani kwake.

Tuanze na mtoto asiye na tatizo. Umembeba ukingoni mwa Lualaba, ana mwaka mmoja na miezi michache. Mtumbwi wa injini unapita. Mtoto anaushangaa, ananyosha kidole kuuelekea, kisha anageuza uso na kukutazama wewe machoni, halafu anarudisha macho mtoni. Hataki umpe mtumbwi. Anataka muuone wote wawili. Katika sekunde hizo mbili amefanya kazi kubwa: ametambua kwamba wewe nawe una macho, kwamba macho yako yanaweza kuwa yanatazama kwingine, na kwamba kidole chake kinaweza kuyavuta yaje pale anapotazama yeye. Wataalamu huita uwezo huo umakini wa pamoja. Huanza kuchipuka kati ya miezi 9 na 12, na mtoto akifika miezi 18 kwa kawaida unakuwa umeshamiri.

Jambo dogo namna hiyo lina uzito kwa sababu lugha hupitia humo. Mtoto wa Ubundu husikia maneno kutwa nzima, ya Kiswahili, ya Kilingala, ya Kikumu. Ili ajue neno lipi ni la kitu kipi, inabidi ajue mama anatazama nini wakati analitamka. Asiyefuata macho ya mama hulisikia neno likiwa limetengana na kitu chake. Basi maneno yanachelewa, na michezo ya kuigiza nayo inachelewa: kumlisha mwanasesere, kujifanya dereva wa pikipiki, kumpigia nyanya simu kwa kipande cha ubao. Wazazi wengi huenda hospitali kwa sababu mtoto hasemi, na wana haki ya kwenda, lakini mpimaji mzuri ataangalia nyuma ya maneno. Mtoto aliyechelewa kusema ilhali ananyosha kidole, anakushika mkono akakuonyesha ndege, anakutazama usoni ajue umecheka au umekasirika, huenda shida yake ni nyingine kabisa.

Wapo wanaowashauri wazazi waache lugha mojawapo nyumbani, wakisema mtoto amechanganyikiwa na lugha nyingi. Ushauri huo hauna msingi. Lugha mbili au tatu hazisababishi usonji, na watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha mbili hawajaonekana kubaki nyuma ya wenzao wenye usonji wa lugha moja. Msemeshe mwanao kwa lugha inayokutoka moyoni.

Kundi la pili la dalili ni kurudiarudia na kung'ang'ania mambo yasibadilike. Mtoto anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja saa nzima na ukigusa kimoja analia kama amechomwa. Anazungusha gurudumu la baiskeli iliyolazwa chini, anapepea mikono, anakataa kila chakula isipokuwa kimoja. Mlio wa honi unamuumiza masikio, ilhali anaweza kujikata asionyeshe maumivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unataka makundi yote mawili yawepo, yawe yameanza utotoni, na yawe yanazuia maisha ya kila siku. Mtoto mwenye aibu si mtoto mwenye usonji. Wala mtoto anayependa kupanga vitu.

Si ugonjwa wa Wazungu pia. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha uchunguzi wake wa watoto katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na aliukuta. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote, katika kila watu 127, mmoja ana usonji.

Sasa chanzo, maana ndicho kinachomnyima mama usingizi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliofanana kwa namna ambayo vitabu vya tiba vilikuwa havijaitaja. Wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Kabla Kanner hajamwona, baba yake alimwandikia barua ya kurasa 33: jinsi mtoto alivyofurahia kuwa peke yake, jinsi alivyozungusha sufuria sakafuni, jinsi asivyojali baba akirudi nyumbani, jinsi alivyokariri mambo yaliyomzidi umri. Sayansi ya usonji ilianza na maelezo ya mzazi aliyeangalia kwa makini na kuandika alichokiona.

Kwa bahati mbaya miaka iliyofuata wazazi walilipwa ubaya. Madaktari wengi wa Marekani na Ulaya walifundisha kwamba usonji unatokana na mama asiyempenda mwanawe. Fundisho hilo liliumiza maelfu ya akina mama, na lililosaidia kulivunja ni hoja rahisi ambayo kila mzazi anaweza kuifuata. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, jijini London, walichunguza jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Jozi 11 zilikuwa za mapacha wa kufanana, waliotokana na yai moja na wenye urithi mmoja. Jozi 10 zilikuwa za mapacha wasiofanana, ambao urithi wao ni kama wa ndugu wa kawaida. Kumbuka kwamba mapacha wa aina zote mbili wana mama mmoja, nyumba moja, chungu kimoja. Kama malezi ndiyo chanzo, pacha wa pili angeathirika sawasawa katika makundi yote mawili. Haikuwa hivyo. Kwa mapacha wa kufanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa wasiofanana, hakuna hata jozi moja.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wa zaidi ya watoto milioni 2 katika nchi tano, ulikadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika jambo hili. Jeni zinazohusika ni nyingi, na zaidi ya 100 zimekwisha kutajwa. Mengi hutokea kabla mtoto hajazaliwa, ubongo unapojijenga. Hakuna pondu uliyokula, ugomvi uliougombana na mumeo, wala kazi ya shamba iliyofanya mwanao awe hivyo.

Chanjo pia haihusiki. Ripoti ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet lililoichapisha liliiondoa mwaka 2010. Watafiti wa Denmark walifuatilia watoto 657,461, wakachapisha matokeo mwaka 2019: waliopata chanjo ya surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasioipata. Mlipuko wa surua ulioikumba Kongo mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Mzazi anayekwepa chanjo kwa kuogopa usonji anamwacha mwanawe mbele ya hatari ya kweli.

Na uchawi? Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua linavyosemwa, kwenye maombi na penye kilio, mtoto asiyetazama watu machoni anapoonyeshewa kidole kuwa ni ndoki. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, nao waliwasikia wazazi na wataalamu wakitaja uchawi, laana na mapepo miongoni mwa visababishi, kwa hiyo Ubundu haiko peke yake. Lakini Kongo ina sheria. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto, kifungu cha 160, inamhukumu anayemshitaki mtoto kwa uchawi kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Inamhusu mchungaji, inamhusu mjomba, inamhusu jirani.

Kabla ya neno usonji kutamkwa, mpimaji mwaminifu ataondoa kwanza mambo yanayofanana nao. La kwanza ni masikio. Mtoto kiziwi haitikii jina, hasemi, na huweza kujitenga. Nyumbani unaweza kuanza hivi: simama nyuma yake asikuone, fungua pakiti ya biskuti kwa sauti ndogo. Mtoto mwenye usonji ambaye hageuki akiitwa jina huenda akaja mbio kwa pakiti. Kiziwi hatageuka kwa lolote. Hata hivyo uziwi wa nusu hujificha, na jaribio la biskuti halitoshi. Omba masikio yapimwe kwa mashine, hata kama kila mtu anasema anasikia.

La pili ni degedege na kifafa. Mwaka 2016 madaktari wa Kinshasa walichapisha habari za watoto waliopelekwa kwao kwa matatizo ya ukuaji wa ubongo. Karibu watatu kati ya kumi walikuwa na usonji, na wastani wa umri wao ulikaribia miaka 8. Kati ya wenye usonji, takriban robo tatu walikuwa pia na ulemavu wa akili, na zaidi ya saba kati ya kumi walikuwa na kifafa. Hao walikuwa watoto waliokwisha kufikishwa hospitali kubwa, ambako aghalabu hufika wenye hali nzito, kwa hiyo usiwachukue kuwa picha ya kila mtoto. Ila funzo lipo: muulize daktari kuhusu kifafa, hata kile kisichomwangusha mtoto, kinachomfanya akodoe macho sekunde chache kisha aendelee kama hakuna kilichotokea. Kifafa kina dawa, na fenobarbitali ni ya bei nafuu.

Malaria kali nayo ina nafasi yake. Watafiti waliochunguza watoto wenye usonji Tanzania, wakachapisha mwaka 2006, waliripoti baadhi ambao dalili zao zilianza mara baada ya malaria kali. Kwa hiyo mwambie daktari tarehe. Mtoto aliyekuwa na maneno kumi, akalazwa kwa homa na degedege, akaamka bila neno hata moja, anahitaji kuangaliwa tofauti na yule ambaye hakuwahi kunyosha kidole. Sema pia kama maneno yalipotea bila ugonjwa wowote, kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Hilo nalo ni la kawaida katika usonji.

Maswali ya uchujaji yanayoulizwa kituoni huwatisha watu bure, na hesabu kidogo inasaidia. Tuchukue mfano wa watoto 1,000, ambao 10 kati yao wana usonji. Tuseme maswali yetu yanawanasa 8 kati ya hao 10, na yanakosea kwa watoto 5 katika kila 100 wasio nao. Wasio nao ni 990, hivyo takriban 50 watanaswa kwa makosa. Jumla ya walionaswa ni 58, na wenye usonji kweli ni 8. Kunaswa na maswali kunamaanisha mtoto aangaliwe zaidi, basi. Na wale 2 waliopita wavuni wanatukumbusha kwamba mzazi ambaye moyo wake haujatulia arudi tena baada ya miezi mitatu.

Mzazi wa Ubundu ana tatizo ambalo mwenzake wa Kinshasa hana: njia. Reli ya kilomita 125 kwenda Kisangani, iliyofunguliwa mwaka 1906, haina treni ya kutegemea, na safari ya pikipiki msituni humchosha hata mtu mzima. Mtoto asiyependa mabadiliko atafika amevurugika, ataingizwa chumba asichokijua, mbele ya mtu asiyemjua, na atalia. Daktari ataona mtoto analia. Ndiyo maana unapaswa kumbeba mtoto wa nyumbani pia, ndani ya simu. Mrekodi dakika mbili akila, dakika mbili akicheza na wenzake, dakika mbili ukimwita jina, dakika mbili akikasirika. Chukua daftari uandike: alilia alipozaliwa? Alipata manjano? Alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lini? Ana ndugu aliyekuwa hivi, upande wa baba au wa mama? Kadi ya kliniki usiiache. Kwa daktari makini, hayo yana thamani kuliko saa nzima ya kumtazama mtoto aliyechoka.

Swali la pili la mzazi, la maisha ya baadaye, halijibiki mtoto akiwa na miaka mitatu, na anayekujibu kwa uhakika anakudanganya. Yapo lakini yanayojulikana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto 535 wenye usonji na uchelewaji mkubwa wa lugha, ambao walipofika miaka 4 walikuwa bado hawaungi maneno. Kufikia miaka 8 au zaidi, asilimia 70 walikuwa wanaunga maneno, na asilimia 47 walikuwa wanazungumza vizuri. Wengine hawakupata. Mtoto mwenye usonji pamoja na ulemavu mkubwa wa akili atahitaji mtu wa kumwangalia maisha yake yote, na ni haki mzazi aambiwe hivyo mapema, ili wajomba, shangazi na ndugu wa mtoto wazoeshwe kumtunza sasa, mama akiwa hai na mwenye nguvu.

Donald Triplett, yule wa barua ya kurasa 33, alipelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto akiwa na miaka mitatu kwa ushauri wa madaktari. Wazazi wake walimrudisha baada ya mwaka mmoja hivi. Alisoma shule ya mjini kwao, akahitimu chuo kikuu mwaka 1958 katika Kifaransa, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na fedha, hilo tusilifiche. Lakini watu wa Forest walimjua, wakamzoea, wakamlinda, na hilo halinunuliwi benki.

Linalosaidia zaidi miaka ya mwanzo ni kazi ya kila siku, na mzazi anaweza kufundishwa kuifanya. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi ya vikao tisa pamoja na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuongozwa na watu wasio mabingwa, na yamekwisha kujaribiwa Ethiopia. Kiini chake ni kuingia kwenye kile mtoto anachokipenda. Keti chini, uso wako uwe sawa na wake. Shika kipande cha lituma karibu na macho yako, nyamaza, subiri. Akikutazama hata nusu sekunde, au akinyosha mkono, sema "lituma" na umpe papo hapo. Rudia kila mlo. Maneno yakikataa, tumia ishara na picha: wahandisi waliposhindwa na maporomoko ya Boyoma walijenga reli kando yake na mizigo ikafika Kisangani. Usiogope kwamba picha zitamfanya asiseme, hazizuii usemi.

Na mtoni uwe macho. Watoto wenye usonji hupenda kutoroka na wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa vifo vinavyowapata zaidi. Ubundu iko juu ya Lualaba. Jirani, mvuvi, muuza samaki wa bandarini, wote wamjue mtoto kwa sura na wajue nyumba ya kumrudisha.

Shule ya msingi ya serikali ni bure Kongo tangu 2019, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mwalimu mkuu akimkataa mtoto, mzazi ana mahali pa kusimama.

Kampala, mwaka 2014, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichapisha namna walivyoyaongeza yale maswali kumi ya ulemavu yanayotumika sehemu nyingi za dunia yakafika 23, ili yanase pia usonji, wakayajaribu kwa zaidi ya watoto 1,100. Maswali ya namna hiyo huulizwa kwa mdomo, bila mashine. Kwa wakubwa wa zoni ya afya ya Ubundu ombi langu ni moja: siku akina mama wanapoleta watoto kupimwa kilo, muuguzi akishaandika uzito aulize pia kama mtoto ananyosha kidole kuonyesha kitu, na kama anageuka akiitwa jina. Watoto wa Kinshasa walikuwa wanakaribia miaka 8. Wa Ubundu tunaweza kuwaona wakiwa na mwaka mmoja na nusu.